Barua kwa mwanangu aliye Maskati: ile fleti ya Shangani

Asalaam aleikum mwanangu,

Sisi huku wazima, alhamdulillah, na baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama utoe arubuni ya ile fleti ya ghorofa ya pili Shangani, katika jumba la kale lililogawanywa fleti za kuuziwa watu wa likizo. Unataka pahala pako pa kufikia ukija na watoto, na miezi usiyokuwepo wapangishwe watalii. Dalali amekwambia ukichelewa atachukua mwengine.

Usitoe pesa bado. Natamani sana mmoja wenu awe na mlango wake Mji Mkongwe, na hilo unalijua. Lakini ukinunua fleti humo umenunua pia paa, kuta, na mabomba ya jirani wa juu, na hivyo vyote hakuna aliyekuonesha.

Nilikwenda mwenyewe juzi baada ya Alasiri. Roshani ni nzuri kweli, bahari unaiona hadi kule majahazi yanakotia nanga. Nikaipa mgongo roshani nikapapasa ukuta wa chumba cha kulala, chini karibu na sakafu. Rangi imevimba. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba ukamwagika unga mweupe: chumvi. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji kutoka chini kisha huyatoa kwa upepo. Fundi akizipiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, yanabaki ndani yakiila chokaa. Mwanzoni ukuta unapendeza, laini, kama huo wa kwenye picha zako. Halafu lipu inabanduka na vipande vya jiwe vinafuatana nayo. Kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi kama kuta zimepigwa chokaa au saruji. Akisema saruji, bei ishuke kwa kiasi cha kuibandua yote na kuipiga upya, ama uachane naye.

Boriti ndizo zinazonitia hofu zaidi. Unakumbuka vyumba vya kwa bibi yako vilivyokuwa virefu na vyembamba? Ni kwa sababu sakafu ya juu inabebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Juu yake wazee walimwaga mawe na chokaa, mzigo mzito mno. Boriti ikiwa kavu inawapita walioiweka na wajukuu zao. Ikilowa, inaoza pale inapoingia ukutani, ambapo jicho halifiki. Zamani choo kilikuwa kimoja, pembeni ya nyumba. Leo kila fleti ina bafu lake, na bafu la fleti ya ghorofa ya tatu liko juu ya kitanda chako hasa. Nilitaka kuziona boriti za hapo nikakuta dari ya jipsamu. Dalali akasema wamefunika kwa ajili ya urembo. Mwambie afungue kipande kimoja chini ya bafu, fundi wetu apande azigonge kwa nyundo na kuzichoma kwa bisibisi. Akikataa, mimi ningesimama hapo hapo.

Nilipanda mpaka juu kabisa. Matangi ya plastiki yamepangwa upande mmoja, ya lita 1,000 kila moja, maana yake tani nzima ya maji kwa kila tangi likijaa, juu ya kuta zisizokusudiwa hayo. Mlizamu, ule mfereji wa kutoa maji ya mvua kwenye paa, wa upande wa uchochoroni umevunjika, na ukuta chini yake umeota kijani hadi ghorofa ya kwanza. Beit al-Ajaib, lile jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu 2 wakafa, Mungu awarehemu. Lile lilikuwa jumba linalotazamwa na dunia nzima. Hili la uchochoroni nani analitazama? Subiri masika. Uje Aprili, mvua ikinyesha, upande mwenyewe.

Sasa karatasi. Ardhi yote Unguja na Pemba ni ya Serikali, mtu hupewa haki ya kuitumia, basi uliza hati ya jumba ina jina la nani. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, baadhi yakauzwa baadaye, na mengine ni wakfu. La wakfu haliuzwi, hukodishwa tu, kupitia Kamisheni ya Wakfu. Na wewe uko Maskati, unawasikia wazee waliohamia huko wakizitaja nyumba zao za Shangani na Malindi kwa majina. Sitaki siku moja mrithi wa mtu akubishie mlango.

Kumilikishwa fleti moja ndani ya jumba inawezekana, ipo sheria ya kondominiamu ya mwaka 2010. Lakini rasimu uliyonitumia inaitwa mkataba wa ukaazi wa muda mrefu. Nimeisoma yote. Haitaji hati ya fleti, haitaji jumuiya ya wenye fleti, na haisemi nani atalipa paa likivuja. Omba pia kibali cha kuligawa jumba kutoka Mamlaka ya Mji Mkongwe, pamoja na mchoro wenye muhuri. Mamlaka hiyo ipo tangu 1985, na tangu 2000 mji wetu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, kwa hiyo dirisha haligeuzwi wala roshani haiongezwi kiholela. Ukiona bafu lako halimo kwenye mchoro, jua limejengwa bila ruhusa.

Kuhusu pesa za kuwapangisha watalii, dalali amepiga hesabu kama fleti itajaa miezi yote 12. Hapa masika mahoteli kadhaa hufunga. Na kuwapangisha wageni kunataka leseni ya Kamisheni ya Utalii.

Kuna jambo moja si la pesa. Mtaa huo nyumba nyingi zimekuwa hoteli, na barazani kwao hakai mtu. Ukinunua, naomba angalau likizo za skuli watoto wako wakae humo, wajuane na watoto wa jirani waliobaki, waende nao chuoni kusoma Kurani. Watu wakiwemo ndani, mlizamu ukivunjika utaonekana siku hiyo hiyo.

Nitumie kivuli cha hati na cha kibali, nitampelekea wakili. Fundi nimeshazungumza naye, yuko tayari dalali akikubali kufungua dari. Na ukimjibu dalali mwambie kwa adabu kuwa mama yako ana maswali.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako