Toa hiyo sponji kwanza mkuu, mengine baadaye

Mkuu wa lounge ya Masaki, nimesoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya Morocco hapa Dar nikasikia tumbo linanikata. Umeuliza brandi gani ya siga (cigar, zile nene za majani) haibadiliki ladha, mzigo uchukue wapi, bei uweke ngapi, halafu mwishoni kabisa ukachomekea kwamba utaziweka stoo kwenye boksi la mbao na sponji iliyolowa maji "zisikauke". Zisikauke? Dar hii? Mwezi wa nne? Chumvi mezani kwangu imekuwa uji, wewe unaogopa siga kukauka.

Hiyo sponji imenila milioni mbili na laki saba. Boksi tatu za ishirini ishirini, mzigo wa Nicaragua, zile za kusokotwa kwa mkono kweli. Jamaa aliyeniuzia (simtaji, ila alikuwa kavaa kofia ya Panama ndani ya ofisi yenye eisii, ningeshtuka palepale) akaniambia lowesha sponji, funga, kila wiki ongeza maji. Kumbe huo ushauri ni wa watu wa Ulaya na Marekani, msimu wa baridi wanawasha hita hewa ya ndani inakauka kama Dodoma mwezi wa tisa. Sisi hewa yenyewe imeshalowa, ukiongeza sponji unazipikia siga kwa mvuke.

Wiki ya tatu wateja wakaanza. Huyu anasema safi, anasikia kahawa na karanga, mwenzake meza hiyohiyo, boksi hilohilo, anatema mate anasema chungu, inazimika kila dakika, inaungua upande mmoja. Mimi nikailaumu brandi. Nikabadilisha, nayo ikafanya vilevile. Nikamwita jamaa wa kofia, akaja, akaangalia unga mweupe juu ya majani, akasema "hiyo ni alama ya ubora bosi, siga imeiva". Nikaamini! Nikawaambia na wateja! Ulikuwa ukungu, uleule wa mkate.

Siku nimezitoa zote nizipange upya ndo nikaona. Za safu ya juu, karibu na sponji, ukibonyeza zinarudi kama andazi la moto, na ukivuta ni kama unanyonya ugali kwa mrija. Za chini pembeni zinavutika vizuri, tamu. Boksi moja hilo! Jani likinywa maji linavimba, hewa haipiti, moto unakosa nguvu, ladha inaharibika. Na huko chini kulikuwa na vumbi la kahawia nikadhani chenga za tumbaku, kumbe wadudu, wadogo kama fukusi wa mchele, wametoboa vitundu kama vya sindano. Mayai huwa yanakuja na jani tangu huko lilikotoka, joto likizidi nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, na stoo yangu ilikuwa nyuma ya friji la bia, nyuzi 31 mchana na usiku. Nimewafuga mwenyewe na maji nimewapa hahaha. Mke wangu mpaka leo ananiita mfugaji.

Sisemi brandi zote ni sawa. Siga ya mkono haifanani asilimia mia, hili ni jani la shambani, mvua ya mwaka huu si ya mwaka jana, ndo maana viwandani wanachanganya majani ya misimu tofauti. Msokotaji naye akiweka ligero, lile jani kali la juu ya mche, pembeni badala ya katikati, itaungua kombo. Ila tofauti hiyo ni ndogo, chai ya jana na chai ya leo. Ukiona leo chai kesho supu, usimtafute msokotaji kule Estelí, Nicaragua, kaangalie stoo yako.

Mimi sheria yangu ni moja: usiilaumu siga kabla hujapima unyevu, na usikiamini kipimo kabla hujakipima chenyewe. Chukua kizibo cha soda, weka chumvi, dondoshea maji iwe tope tu isiyeyuke, kiweke pamoja na haigromita (hicho kipimo cha unyevu) kwenye kontena la plastiki linalobana, kalale. Asubuhi inatakiwa isome unyevu wa asilimia 75. Yangu, ya elfu kumi na tano Kariakoo, ilisoma 68. Yaani miezi yote ile ikiniambia 70 kumbe ni 77 na mimi najipongeza.

Sasa hivi natumia kontena la chakula linalobana, pakiti za unyevu za asilimia 65 ambazo zinatoa na kunyonya, si kama sponji inayojua kutoa tu, na friji dogo la mvinyo kwenye nyuzi 18 mpaka 20. Mzigo mpya nafunga mifuko miwili, friza siku tatu kuua wadudu, friji siku moja, ndo natoa, halafu zinalala wiki tatu nne kabla mteja hajaigusa hata moja. Boksi la mbao? Kama fundi kalipaka vanishi ndani wekea viatu.

Ulitaja brandi gani vile... haya, fanya jaribio la chumvi leo usiku, asubuhi weka picha ya namba hapa. Na hiyo sponji ukaoshee vyombo.