Kuwauzia mawakili matangazo Marekani

Ndugu yangu, umeuliza kama ukubali hiyo kazi ya kuwauzia mawakili matangazo huko Marekani kwa kamisheni. Soko lipo kweli. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Bates mwaka 1977, mawakili wanaruhusiwa kujitangaza, na wateja wako wakubwa watakuwa mawakili wa kesi za ajali, kwa sababu wao hulipwa sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja. Kesi moja nono huweza kurudisha gharama ya mabango ya miezi mingi.

Ninachokuhofia ni namna utakavyolipwa. Katika majimbo mengi wakili haruhusiwi kugawana ada na mtu asiye wakili. Ukiambiwa utapata asilimia ya kila kesi, kataa kabisa! Kamisheni itoke kwenye bei ya tangazo lenyewe. Na wakikutuma hospitalini kuwashawishi majeruhi wamchukue wakili fulani, ondoka siku hiyo hiyo. Texas na Florida hilo ni kosa la jinai.

Mshahara wa msingi upo? Uliza kabla ya kusaini, maana wenye ofisi ndogo watakuzungusha sana kabla ya kulipia tangazo la kwanza.