Nyoka mpya kafika nyumbani? Usimlishe leo

Kama nyoka wako kaingia nyumbani leo, nakuomba panya abaki kwenye friza. Najua inauma kumwona kajikunja kwenye kona hajala. Mi nilishindwa kuvumilia, chatu wangu wa kwanza, wale wadogo wanaojiviringisha kama mpira wakiogopa, nilimpa panya usiku uleule aliofika, akameza fasta nikafurahi kweli, nikajua huyu kashazoea. Siku ya tatu asubuhi nafungua boksi nakutana na harufu, panya yupo pembeni ya bakuli la maji, kalowa ute, manyoya yameanza kunyonyoka, na chatu kajibana mwisho kabisa. Niliumia sana.

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, anasaga chakula kwa joto analolipata nje, sasa changanya na uchovu wa safari, harufu ngeni, na boksi ambalo joto lake bado hujalielewa, tumbo linagoma. Na kutapika kwa nyoka si jambo dogo jamani, anapoteza maji na ile asidi inamuumiza koo, ilibidi nimwache wiki mbili nzima ndo nijaribu tena.

Siku hizi nasubiri siku saba, hata kumi akiwa muoga. Simshiki, simtoi kuwaonyesha wageni, nabadilisha maji tu basi. Ninachohangaika nacho ni joto: kwa chatu hawa upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33, ule wa baridi kama 26, na upime kwa kipimajoto, kiganja kinadanganya. Weka maficho mawili, kila upande moja, tena yawe ya kumbana, akigusa kuta kwa mwili wake ndo anatulia. Na kabla hujaondoka na nyoka muulize anayekuuzia alikuwa anakula nini, mkubwa kiasi gani, na mara ya mwisho lini.

Siku ikifika, lisha jioni. Panya asizidi unene wa pale nyoka alipo mnene zaidi. Mi namhamishia kwenye friji tangu usiku uliopita ayeyuke, halafu namfunga kwenye mfuko naloweka kwenye maji ya moto mpaka apate joto, hasa kichwa, kwa sababu chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto na panya wa baridi hamshtui. Maikrowevu hapana, inampika na anaweza kupasuka. Panya hai pia simpi, anaweza kumng'ata nyoka vibaya sana.

Akikataa, mtoe panya umtupe, jaribu tena baada ya wiki, sio kesho yake. Macho yakiwa na ukungu wa bluu anakaribia kujivua gamba, wengi hawali kipindi hicho. Ila mpime kwenye mizani kila wiki, mkubwa mwenye afya anaweza kugoma hata miezi, lakini uzito ukishapungua kama asilimia 10 mpeleke kwa daktari wa wanyama, na mtoto usimsubirie mpaka hapo.

Yule wangu nilimpa tena panya mdogo kuliko wa kwanza, nimemshika kwa koleo refu, taa nimezima nimeacha ya koridoni tu. Ulimi ukatoka polepole, shingo ikajikunja kama herufi S, akadaka. Nikafunika boksi nikaondoka, siku mbili sikumgusa kabisa. Ya tatu nikafungua nikiwa na wasiwasi, boksi kavu, yeye kalala upande wa moto tumbo limevimba kidogo.