Kwa mgeni wa kazi ya kupeleka mabadiliko Salesforce: jifunze kwanza kusoma tofauti za mazingira mawili

Jumatatu moja asubuhi, kabla hata sijawasha kompyuta, idara ya fedha walinipigia simu. Tarehe ya malipo haionekani tena kwenye kurasa za ankara. Haionekani kwa mtu yeyote wa idara ile, na wateja wanasubiri majibu.

Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimepeleka toleo dogo la mabadiliko ya Salesforce, mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja na kazi za kampuni, kutoka sandboksi (nakala ya kujaribia) kwenda prodaksheni (mfumo halisi unaotumiwa na watu), nikitumia zana ya otomatiki tuliyokuwa na miezi miwili nayo. Kila mstari ulikuwa wa kijani. Majaribio yote yalipita. Nikafunga kazi, nikaenda kupumzika nikiamini mambo ni shwari.

Data haikuwa imepotea. Zana ilinionyesha kwamba profaili ya watu wa fedha, yaani faili la wanachoruhusiwa kuona na kufanya, ina tofauti, nami nikaitia alama pamoja na vipengele vingine bila kuifungua ndani. Sandboksi ile ilikuwa na umri wa miezi minne. Katika miezi hiyo msimamizi wa mfumo alikuwa amewafungulia watu wa fedha ile sehemu (field) ya tarehe, moja kwa moja kwenye prodaksheni. Sandboksi haikuwa na habari hiyo. Faili lake bado lilisema hawaruhusiwi kuiona. Nikalipeleka hivyo hivyo, ruhusa ikafungwa. Zana ilitekeleza nilichoiagiza, neno kwa neno.

Wewe unayeanza kazi hii leo utapewa zana ya namna ile ile. Itakuwa na safu mbili, chanzo upande mmoja na lengo upande wa pili, na orodha ya vipengele vipya, vilivyobadilika na vilivyofutwa. Ni kazi nzuri sana ukiikumbuka ile ya zamani ya kukusanya kila kitu kwa mkono. Lakini elewa inachokijua na isichokijua. Inajua kwamba mazingira mawili hayafanani. Haijui ni yapi kati ya hayo mawili yaliyo sahihi. Hilo ni lako.

Chukua neno "kilichofutwa" kwenye orodha hiyo. Maana yake halisi ni moja tu: kipo prodaksheni, hakipo sandboksi. Huenda mwenzako alikiondoa kwa makusudi kama sehemu ya kazi anayotaka uipeleke. Huenda vilevile kilitengenezwa prodaksheni juzi na mtu aliyekuwa na haraka, na sandboksi yako haijawahi kukiona. Kwenye skrini hali hizi mbili zinafanana kabisa, rangi ile ile na alama ile ile. Mgeni anayebonyeza "chagua vyote" anaweza kufuta sehemu ambayo watu walikuwa wakiijaza wiki nzima. Salesforce huitunza sehemu maalumu iliyofutwa kwa siku 15, na ukiirejesha ndani ya muda huo data yake hurudi nayo. Ila hairudi yenyewe kwenye mipangilio ya kurasa ilikokuwa. Hiyo unaipanga upya mwenyewe. Baada ya siku hizo hakuna cha kurejesha, labda uwe na nakala yako ya data.

Ndiyo maana nawaomba wanaojifunza kwangu wazime ufutaji kwenye zana kwa miezi ya mwanzo, na kila kinachopaswa kufutwa kipelekwe peke yake, siku yake, baada ya kumuuliza aliyekitengeneza. Njia ya asili ya Change Sets, iliyomo ndani ya Salesforce yenyewe, haiwezi kufuta kitu kabisa. Watu huiona kama udhaifu, na kweli inachosha. Lakini waliokulia kwenye njia hiyo wakihamia zana za otomatiki huja na mazoea kwamba kupeleka ni kuongeza tu, na hapo ndipo wanapoumia. Chini ya zana zote hizi, ufutaji unafanywa kwa faili linaloitwa destructiveChanges.xml. Liandike mwenyewe kwa mkono mara moja, kwenye sandboksi usiyoihitaji. Andika na package.xml yake, yaani orodha ya vinavyosafiri, tuma kupitia Metadata API, mlango wa Salesforce wa kupokea na kutoa metadata (mipangilio ya mfumo, si data yenyewe), uone kinachotokea. Ukishafanya hivyo utaelewa kwamba zana ya bei kubwa nayo inaandika mafaili hayo hayo kwa niaba yako, na mipaka yake ni ile ile: mafaili 10,000 kwa safari moja na zipu isiyozidi megabaiti 39. Siku toleo kubwa litakapogoma utajua pa kutazama.

Sasa turudi kwenye ruhusa, maana huku ndiko wageni wengi wanakoanza kukata tamaa. Unatengeneza sehemu mpya sandboksi, unaipeleka, zana inasema imefika. Unaingia prodaksheni, huioni. Unapeleka tena, na tena huioni. Sehemu ipo. Sehemu mpya inayopita Metadata API hufika bila mtu yeyote kupewa ruhusa ya kuiona, hata msimamizi mwenyewe, mpaka ruhusa isafiri nayo. Sasa mgeni akigundua hilo, anaamua kubeba profaili nzima ili asihangaike, na hapo anarudi kwenye kisa changu cha Jumatatu.

Profaili ina tabia ya peke yake. Ukiivuta kutoka sandboksi haiji nzima. Inakuja na ruhusa za vile vipengele ulivyovitaja kwenye package.xml ile ile, pamoja na ruhusa za jumla za mtumiaji. Kwa hiyo faili la profaili lililomo kwenye hifadhi yenu ya mafaili linaweza kuwa na mistari 200 leo na 2,000 kesho, bila mtu kubadilisha chochote, kwa sababu tu aliyevuta alitaja vitu vingi zaidi. Usiliamini kama picha kamili ya nani anaruhusiwa nini. Kilichonisaidia mimi ni kuhamishia ruhusa kwenye seti za ruhusa (permission sets), ndogo ndogo, kila moja na kazi yake. Sehemu mpya inasafiri na seti yake, faili ni fupi, tofauti inasomeka kwa jicho la kawaida. Profaili naigusa mara chache, na nikiigusa nafungua kila mstari. Ndiyo, inachukua muda. Muda huo ndio kazi yenyewe.

Kitu kingine kitakachokushika ni Flow, yaani taratibu za otomatiki zinazojengwa ndani ya Salesforce, zenye kitambulisho kilichoandikwa moja kwa moja ndani yake. Mtu anajenga Flow sandboksi, anataka kazi ipelekwe kwenye foleni fulani, ananakili kile kitambulisho cha herufi na tarakimu 15 au 18 kutoka kwenye anwani ya kivinjari na kukibandika. Sandboksi inafanya kazi vizuri. Kama foleni ile ilitengenezwa sandboksi, ikifika prodaksheni itapewa kitambulisho kingine, na Flow itaanguka mara ya kwanza mtu anapohifadhi rekodi. Zana ya kulinganisha haina njia ya kujua kwamba yale maandishi yanaelekeza kwenye kitu kisichokuwapo upande wa pili. Tafuta rekodi kwa jina lake la kudumu ndani ya Flow, au weka thamani hiyo kwenye metadata maalumu (custom metadata). Na kumbuka kwamba prodaksheni hupokea Flow ikiwa imezimwa, isipokuwa mmewasha mpangilio wa kuzipokea zikiwa hai. Nimewahi kukaa saa moja nikitafuta hitilafu kwenye Flow ambayo haikuwa imewashwa.

Kuhusu majaribio ya Apex, lugha ya msimbo ya Salesforce, nitasema machache, kwa kuwa sheria zake ziko wazi. Msimbo wa Apex hauingii prodaksheni mpaka majaribio yaguse angalau asilimia 75 yake, na kila triga, yaani msimbo unaoamshwa rekodi inapobadilika, iguswe walau kidogo. Ukichagua kuendesha majaribio uliyoyataja tu, ile asilimia 75 inahesabiwa kwa kila klasi na triga iliyomo kwenye kifurushi, moja moja, kwa hiyo kifurushi kilichopita kwa majaribio yote kinaweza kukataliwa hapa. Faida kubwa ambayo wageni wengi hawaitumii ni uhakiki wa mapema. Unaweza kuhakiki kifurushi prodaksheni bila kukiingiza, majaribio yakaendeshwa yote, kisha ndani ya siku 10 ukakiingiza haraka bila kurudia majaribio. Hakiki mchana wakati watu wa kukusaidia wapo. Kama kuna kosa, litokee saa nane mchana.

Nilisema zana haijui upande upi ulio sahihi. Git, programu inayotunza historia ya mafaili, ndiyo yenye uwezo wa kukuambia, kwa sharti moja kwamba kila badiliko lipite humo. Ukiwa na historia, unaona kwamba sehemu ile iliongezwa na nani, lini, kwa ombi gani. Kulinganisha sandboksi na prodaksheni kunakupa hali mbili za leo. Historia inakupa mfuatano. Timu inayotumia zana ya otomatiki huku wasimamizi wakiendelea kubadilisha mambo prodaksheni kimyakimya itapata kasi, na kasi hiyo itawaumiza. Kama huna mamlaka ya kuwazuia, angalau vuta metadata ya prodaksheni kila usiku na kuihifadhi kwenye tawi lake, yaani mkondo wake wa pekee ndani ya Git, asubuhi usome kilichobadilika. Kazi hiyo inafanywa na skripti fupi, na ingeniokoa mimi na ile profaili.

Tahadhari moja kwenye kuunganisha matawi: mafaili ya Salesforce ni XML, yaani maandishi yenye alama za mwanzo na mwisho wa kila kipande, marefu na yenye vipande vinavyofanana sana. Watu wawili wakiongeza sehemu kwenye mpangilio mmoja wa ukurasa, Git ya kawaida inasoma mistari tu na inaweza kuchanganya mwanzo wa kipande kimoja na mwisho wa kingine. Baadhi ya zana zilizotengenezwa kwa ajili ya Salesforce huelewa muundo wa XML na huunganisha vizuri zaidi. Kwangu hicho ni kigezo kikubwa cha kuchagua zana kuliko urembo wa skrini.

Utaulizwa, au utauliza, zana ipi ni bora. Zipo Gearset, Copado, AutoRABIT, Flosum. Salesforce wenyewe wana DevOps Center. Na wapo wanaojenga mkondo wao kwa amri za kompyuta pamoja na zana za kuendesha kazi kiotomatiki kama Jenkins au GitHub Actions. Sina ugomvi na yoyote. Ukiwa kwenye kipindi cha majaribio, iulize zana maswali haya: inafanya nini na vilivyofutwa usipoigusa? Inaweka nakala ya hali ya awali kabla ya kupeleka? Inakuonyesha mstari ndani ya faili, au jina la faili tu? Na usidanganyike na kitufe cha kurudisha nyuma. Kinarudisha metadata. Kama Flow mbovu ilikwisha kubadilisha rekodi 5,000 kabla hujakibonyeza, rekodi hizo zinabaki zilivyobadilishwa.

Angalia pia umri wa sandboksi zako. Sandboksi ya Developer unaweza kuihuisha (kuinakili upya kutoka prodaksheni) kila siku, Partial Copy kila baada ya siku 5, na Full kila baada ya siku 29. Salesforce hutoa matoleo matatu kwa mwaka, na baadhi ya sandboksi huyapata wiki kadhaa kabla ya prodaksheni, kwa hiyo kuna vipindi utakavyoona tofauti ambazo hakuna mtu kwenye timu yako aliyezileta. Katika vipindi hivyo peleka kidogo kidogo.

Siku hizi sipeleki Ijumaa. Napeleka Jumanne au Jumatano, asubuhi, na kabla sijafunga zana naingia prodaksheni kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida wa kila idara iliyoguswa, kwa kibali cha msimamizi. Kisha nampigia mtu mmoja wa idara hiyo. Namwomba afungue ankara moja mbele yangu kwenye simu, anisomee anachokiona, sehemu kwa sehemu, mpaka afike kwenye tarehe ya malipo.