Ivue miwani ya jua ukiwa ndani

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza mbona taa za ofisini zinakuchoma na mistari ya maandishi inasogea, ilhali daktari kasema macho yako ni mazima. Na kama uendelee kuvaa miwani ya jua hata ndani. Nimeishi na hali hii tangu ujana wangu, nakujibu ninavyoijua.

Ukiwa ndani, ivue. Najua inavyotuliza. Lakini jicho likikaa gizani huzidi kuwa jepesi la kunasa mwanga, na likizoeshwa hivyo kutwa, hata taa ya kawaida hulitesa. Nje juani vaa bila wasiwasi.

Ule ubao wa herufi wa daktari wa macho hupima ukali wa kuona tu. Haupimi kazi ya ubongo ya kuchambua vitu vilivyosongamana. Mimi bango la mbali nalisoma vizuri, lakini nisimamishe mbele ya rafu iliyojaa pakiti za kila rangi: sabuni niliyoifuata naitafuta mpaka kichwa kinagonga, kumbe iko usawa wa kifua changu. Huo si uzembe, na asikwambie mtu kwamba unadeka.

Mara nyingi nyuma ya haya kuna kipandauso, macho makavu, au kichwa kilichowahi kugongwa. Kwa hiyo mtajie daktari na maumivu ya kichwa, hata asipouliza. Ila jicho likiwa jekundu na kuuma ghafla, au mwanga ukikuumiza huku una homa na shingo imekakamaa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Taa za tyubu za zamani hupepesa mara 100 au 120 kwa sekunde. Huzioni zikipepesa, lakini wengine huumwa kichwa kwa ajili yake. Omba meza iliyo mbali nazo, dirisha likae ubavuni mwa skrini. Ipo pia miwani ya rangi ya waridi, FL-41, ambayo huwapa nafuu baadhi ya wenye kipandauso. Zile karatasi angavu za rangi za kuweka juu ya ukurasa, zinazouzwa kama dawa ya kusoma, ushahidi wake ni dhaifu, usitupe pesa. Mimi hukata upenyo kwenye kadi nyeusi, nikaiteremsha ukurasani mistari miwili miwili, na maandishi hutulia.

Mkuu wako mweleze mapema, kabla hajadhani unakwepa kazi. Ukishaonana na daktari tena, nipigie jioni hiyo.

Mama yako