Friwili ya Kiingereza kwenye Habu ya Kifaransa

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Ipogolo, Iringa, na kila siku ya kazi hupanda kwenda mjini kwa baiskeli ya Peugeot ambayo marehemu baba aliinunua miaka ya 1970. Nyuma ina friwili ya gia 5, meno 14 hadi 24. Mbele ina sproketi mbili za meno 52 na 42. Na gia hubadilishwa kwa vishikizo viwili vilivyofungwa kwenye bomba la chini la fremu. Siku hizi mnyororo unaruka kila ninapokanyaga kwa nguvu mlimani. Fundi mmoja ameniuzia friwili ya gia 7 yenye meno 14 hadi 28, kihamishio cha mnyororo cha Shimano kilichotoka kwenye baiskeli ya milimani, na mnyororo mpya. Ananishauri pia ninunue kranki mpya na vishikizo vya kisasa vinavyobofya kila gia. Je, vifaa hivi vya makabila mbalimbali vitaelewana?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Vingi vitaelewana, na vishikizo na kranki huna haja ya kuvinunua. Lakini kabla ya yote nakusihi usiruhusu mtu yeyote aifunge hiyo friwili mpya kwa spana.

Peugeot nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa vipimo vya Kifaransa, na uzi wa habu ya Kifaransa (habu ni kitovu cha gurudumu ambacho friwili huzungushwa juu yake kama nati) una kipenyo cha milimita 34.7, kila mzunguko ukisogea milimita 1. Friwili zinazouzwa madukani kwetu, kuanzia ile ya gia moja ya Phoenix hadi hiyo uliyouziwa, zina uzi wa Kiingereza: inchi 1.37, ambayo ni karibu milimita 34.8, na nyuzi 24 katika kila inchi. Tofauti ya kipenyo haionekani kwa macho, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu friwili itaingia vizuri mzunguko wa kwanza na wa pili, itaanza kukaza, na fundi mwenye haraka atadhani ni kutu, aongeze nguvu. Nimewahi kushika habu iliyofungwa namna hiyo. Nyuzi za aluminiamu zilikuwa zimelala upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa, na grisi yote imejaa chembe zinazong'aa. Habu ile haikutengenezeka tena.

Kwa hiyo ondoa friwili ya zamani kwanza. Tafuta funguo yake yenye meno yanayoingia sawasawa, ibane kwenye jiliwa, weka gurudumu juu yake, kisha zungusha rimu kwa mikono miwili kinyume cha saa, kama dereva anayekata usukani wa lori. Safisha nyuzi kwa mafuta ya taa, kisha upeleke gurudumu kwa mkereza chuma mwenye geji za uzi; kuisoma geji hakutamchukua hata dakika moja. Kama geji hakuna, paka grisi na uizungushe friwili kwa vidole tu. Ikifika mwisho bila kugoma, habu ni ya Kiingereza na una bahati. Ikigoma njiani, irudishe nyuma taratibu na utafute gurudumu jingine la nyuma lenye habu ya uzi wa Kiingereza. Angalia tu kipimo cha rimu, kwa maana rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622 na ile ya inchi 27 ina milimita 630, hivyo ukibadilisha moja kwa nyingine, mpira wa breki hauna budi kupandishwa au kushushwa milimita 4.

Jambo la pili ni nafasi. Fremu ya gia 5 kwa kawaida ina upana wa milimita 120 kati ya mapengo yanayopokea ekseli ya nyuma, ilhali gurudumu la gia 6 au 7 linahitaji 126. Pima kwa rula, ndani kwa ndani. Fremu yako ikiwa ya chuma, milimita 6 zinaweza kupatikana kwa kuitanua pole pole, milimita 3 kila upande, bila moto wowote. Fremu ya aluminiamu haitanuliwi kabisa. Baada ya kutanua, funga uzi wa kushonea kwenye pengo la kulia, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani na uurudishe hadi pengo la kushoto, kisha upime umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, upande mmoja umepinda zaidi ya mwenzake, na hautakiwi kuachwa hivyo. Hii ni fremu ya baba yako; kazi hii mpe fundi atakayekubali kupima mbele yako.

Sasa vishikizo. Mfumo wa kubofya ambao Shimano waliuanzisha mwaka 1984 hutegemea kila kitu kilingane: kiasi cha waya kinachovutwa, kihamishio chenyewe, na umbali kati ya sproketi moja na nyingine. Vishikizo vyako vya zamani havina hesabu hiyo. Vinavuta waya mpaka pale mkono wako unapotaka, kwa hiyo vitafanya kazi na friwili ya gia 5, 6 au 7, na kihamishio cha kampuni yoyote. Ndiyo maana baiskeli ya zamani huvumilia mchanganyiko kuliko ya kisasa, na mimi sioni sababu ya kulipia pesa ili kuupoteza uhuru huo.

Kihamishio cha baiskeli ya milimani kitakutosha na kubaki. Mbele una tofauti ya meno 10 (52 kutoa 42), nyuma meno 14 (28 kutoa 14), jumla 24, na kihamishio chenye mkono mrefu humudu zaidi ya hapo. Kagua sikio la fremu kinapofungwa: boliti yake ni ya milimita 10, uzi wa milimita 1. Fremu nyingi za Kifaransa zina tundu lisilo na uzi huo, au hazina sikio kabisa. Ikiwa hivyo, tafuta bati la kuning'inizia linalobanwa pamoja na nati ya ekseli.

Kuhusu kuruka kwa mnyororo, pima pini hadi pini: vipande 24 vya mnyororo mpya vina urefu wa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane, meno ya friwili nayo yameshalika na kujikunja kama mundu, na mnyororo mpya utaruka juu yake vilevile. Nunua mnyororo wa gia 6, 7 au 8. Ule wa Phoenix una umbali uleule wa nusu inchi kati ya pini na pini, lakini ni mpana mno kupita kati ya sproketi za gia.

Kranki ziache. Ukitumia 42 mbele na 24 nyuma kama sasa, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza karibu mita 3.7, kwa 28 nyuma, karibu mita 3.15. Kwenye ule mlima wa kutoka Ipogolo, miguu itaisikia nafuu hiyo siku ya kwanza.

SWALI: Ndugu mjibu maswali, nipo Uyole, Mbeya. Kijana wangu aliweka pedeli mpya kwenye baiskeli ya zamani ya Kifaransa. Ya kushoto iligoma kuingia, na aliyemsaidia akailazimisha. Sasa imelegea na inatoka kila wiki. Tumekosea wapi?

JIBU: Mama, makosa huenda ni mawili. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Aliyeizungusha kama ya kulia ameanza kukata uzi mpya juu ya ule wa zamani. Pili, kranki za Kifaransa zina tundu la milimita 14, kila mzunguko wa uzi ukisogea milimita 1.25, na pedeli za kawaida ni za inchi 9/16, yaani milimita 14.3, nyuzi 20 kwa inchi. Mkereza chuma anaweza kukata upya nyuzi za kranki zote mbili kwa kipimo cha inchi 9/16, mradi chuma hakijapasuka kuzunguka tundu. Mwombe aifute grisi yote na akague kwa taa kabla ya kuanza, kwa sababu kranki yenye ufa haifai tena kukanyagwa.