Uliza Fundi: Norton ya zamani, niweke mkanda au nibaki na cheni?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Leicester, Uingereza, nimepata Norton Commando 850 ya 1974. Pikipiki tamu sana lakini kila nikiipaki inaacha oili chini ya lile kava la kushoto, na nikivuta mafuta vizuri nikiwa gia ya 4 klachi inateleza, injini inalia tu mwendo hauongezeki. Wenzangu huku wananiambia toa cheni ya praimari weka mkanda, yote mawili yatakwisha. Ni kweli au wanataka tu kuniuzia vifaa?

JIBU: Marahaba kijana, na hongera kwa chuma hicho. Kwanza niwaweke sawa wasomaji wengine maana wengi wakisikia cheni wanafikiria ile ya nyuma inayozungusha tairi, hapa tunaongelea ile nyingine, iliyofichwa ndani ya kava, inatoa nguvu kwenye krenki (shafti kuu ya injini) na kuipeleka kwenye klachi. Hiyo ndiyo cheni ya praimari. Commando ina cheni nzito ya safu tatu, spoketi ya injini meno 26 na ya klachi meno 57, na yote inaogelea kwenye oili.

Sasa hilo kava. Norton walilifunga kwa nati moja tu katikati! Kava la aluminiamu, mpira unazunguka ukingoni, nati moja. Nati ikilegea au mpira ukichoka linavuja, kwa hiyo usishangae. Ukiweka mkanda humo ndani panakuwa pakavu, hakuna oili ya kuvuja, hapo jamaa zako wamesema kweli.

Ila klachi ndo wamekurahisishia mambo mno. Kwenye Commando mara nyingi oili inayoharibu klachi inatoka giaboksi, inatambaa kwenye ile fimbo ndefu ya klachi inayopita katikati ya shafti, inatokeza upande wa pili na kulowesha pleti. Ukifunga mkanda wa bei mbaya bila kuweka sili (kipete cha kuzuia oili) ya hiyo fimbo, utafungua baada ya muda ukute pleti zimelowa vilevile. Kwa hiyo anza na sili, ni kitu kidogo na bei yake ndogo, halafu toa pleti zote uzioshe vizuri uzirudishe, endesha kwanza uone. Inawezekana kabisa klachi ikapona na cheni yako ukabaki nayo.

Angalia pia sili ya krenki upande huohuo wa kushoto. Norton zikilala muda mrefu, na huko kwenu wengi wanazilaza winta nzima, oili ya tangi inashuka polepole kupitia pampu inajaa chini ya injini, ukipiga kiki siku ya kwanza inatafuta pa kutokea na sili iliyochoka ndo mlango wenyewe. Kwenye cheni hutajua haraka maana kuna oili tayari, kwenye mkanda inalowesha kila kitu.

Ukishamaliza hayo na bado unautaka mkanda, mimi kwa Commando naunga mkono. Unapunguza kilo kadhaa, klachi kavu inashika vizuri na inaachia vizuri, na huhangaiki tena na kusogeza giaboksi kila cheni ikirefuka (na ukisogeza giaboksi cheni ya nyuma nayo inabadilika, kazi juu ya kazi).

Wanapoharibu wengi ni kwenye kukaza. Puli nyingi ni za aluminiamu, zikipata moto zinatanuka, mkanda unajikaza wenyewe. Mtu anaufunga injini ikiwa baridi, anaona umenyooka safi anafurahi, kumbe barabarani unavuta shafti mpaka beringi ya giaboksi inakufa. Uache ulegee injini ikiwa baridi, kipimo fuata cha aliyetengeneza seti yako ya mkanda, halafu endesha ipate moto ufungue ukague tena. Puli mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja, mkanda ukitembea upande unaliwa ukingo. Na altaneta, ile ya kutengeneza umeme, iko humohumo ndani, ilikuwa inapozwa na oili, sasa itapozwa na upepo tu, kwa hiyo kava linahitaji matundu. Halafu ujue cheni ikichoka inapiga kelele wiki nyingi kabla, mkanda unaweza ukakatika bila hata salamu.

Hata Harley-Davidson mwaka 1980 walitoa pikipiki inaitwa Sturgis yenye mikanda miwili, wa praimari na wa nyuma. Wa nyuma ukabaki mpaka leo, praimari wakarudi kwenye cheni.

SWALI: Fundi, mi nina Triumph Bonneville 650 ya 1971, naweza kufanya hivohivo?

JIBU: Hapana kaka, tulia kidogo. Kuanzia 1970 hizo 650 injini inapumulia ndani ya kava la praimari. Sili ya krenki waliitoa makusudi, wakatoboa matundu 3 madogo ukutani, oili ya injini na ya praimari ni moja, hewa inatokea bomba la nyuma. Ukitaka mkanda mkavu inabidi uzibe matundu, urudishe sili, utafute njia nyingine ya injini kupumua. Kwa barabara ya kawaida sioni faida yake. Cheni yako ya safu mbili ina kikaza chake ndani, unakirekebisha kupitia tundu la chini la kumwagia oili, acha ulegevu wa karibu milimita 10 ukipima pale cheni ilipokaza zaidi. Na usithubutu kumimina humo ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) eti klachi iwe laini, itaishia kwenye injini.

SWALI: Boxer yangu ya bodaboda nayo naweza kuiwekea mkanda wa praimari?

JIBU: Boxer haina cheni ya praimari, ni gia kwa gia. Badilisha oili kwa wakati, basi.